"Ipe Muda, Itatulia": Visingizio Tisa vya Saa Mpya

Takaba, makao ya Mandera Magharibi, saa mpya huja na basi. Imenunuliwa Eastleigh, au imetumwa na ndugu aliye Dubai, ikapita mikono ya jamaa watatu kabla ya kumfikia mwenyewe. Mara nyingi ni Seiko 5 ya otomatiki, ile inayoonyesha siku za wiki kwa Kiarabu na Kiingereza. Mwenyewe huivaa Ijumaa kwa fahari. Jumatatu huilinganisha na simu, akakuta imeshatangulia kwa zaidi ya dakika moja. Anampigia muuzaji. "Adeer," kijana wa dukani anajibu, bila hata kuuliza ni saa gani, "ipe muda, itatulia."

Ngamia mgeni hutulia akishazoea kundi. Mbunge wa muhula wa kwanza naye hutulia, wakati mwingine kupita kiasi. Je, saa?

Asidhani mtu ni swali la wenye pesa na muda wa kuchezea. Saa inayokimbia sekunde 20 kwa siku, ukiiweka sawasawa usiku wa mwandamo na usiiguse tena, Ramadhani ikifika siku ya 30 itakuwa dakika 10 mbele. Dakika 10 kabla ya magharibi ni swaumu iliyofunguliwa mchana. Na Aprili 2015, serikali ilipotangaza kafyu ya saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi katika Garissa, Wajir, Mandera na Tana River, kila mtu alijua thamani ya dakika mbili.

Nimevipanga visingizio vya saa mpya kwa kurudi nyuma. Cha tisa ni cha kucheka tu. Kadiri namba zinavyopungua, ukweli unaongezeka.

9. "Imechanganyikiwa na mpaka"

Ethiopia iko jirani, na simu za huku huvuka mpaka bila pasipoti. Umeketi kwenye mkeka wako, hujasogea hata hatua, simu inakukaribisha Ethiopia. Basi yupo anayeamini kwamba saa ya mkononi nayo huyumba hivyo hivyo.

Haiyumbi. Saa ya kamani haina laini, haina mtandao, na haijui kwamba kuna serikali. Hata ingekuwa na laini isingepotea: Kenya, Ethiopia na Somalia zote ziko saa tatu mbele ya Greenwich, na Waethiopia huhesabu saa zao kuanzia macheo kama sisi. Pengine ndilo jambo pekee ambalo nchi hizi tatu zimekubaliana bila mkutano Djibouti.

8. "Ni joto la Mandera"

Miaka mia moja na kitu iliyopita, kisingizio hiki kingekuwa na nguvu. Ndani ya saa kuna kamani mbili. Kubwa ndiyo inayotunza nguvu. Ndogo, nyembamba kama unywele, ndiyo inayolivuta na kulirudisha gurudumu la mizani, na hiyo ndiyo inayoamua saa iende mbio au polepole. Zamani kamani hiyo ndogo ilikuwa ya feleji tupu, na feleji ikipata joto hulegea, saa ikachelewa. Kisha Mswisi Charles-Édouard Guillaume akachunguza michanganyiko ya chuma na nikeli, akapata ambayo karibu haijali joto wala baridi, na mwaka 1920 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Kamani za leo ni wajukuu wa kazi hiyo.

COSC, taasisi ya Uswisi inayotoa vyeti vya usahihi tangu 1973, huipima kila mashine ya saa kwa siku 15 katika joto la nyuzi 8, 23 na 38. Nyuzi 38! Uswisi wanauita mtihani; Mandera tunauita Machi.

Ila tusiwachekelee sana. Ukisoma kijitabu cha Seiko, kile kinachotupwa pamoja na boksi, utaona ahadi yao ya usahihi imewekewa mipaka ya nyuzi 5 hadi 35. Juu ya hapo wametukabidhi kwa Mungu. Na mkononi saa hupata nafuu kwa sababu ngozi huipoza. Ukiivua ukaiacha kwenye dashibodi ya Land Cruiser saa nane mchana, hiyo ni hadithi nyingine, na mafuta yake ndani yatakuwa ya kwanza kulalamika.

Kisingizio hiki kinaanguka kwa jambo moja: joto halina habari na upya. Saa inayosumbuliwa na joto mwezi huu itasumbuliwa na joto lile lile mwakani.

7. "Hata injini mpya huendeshwa kwa adabu kwanza"

Huyu ni dereva, na dereva hashindwi na hoja. Gari jipya, anasema, kilomita zake za mwanzo hulikimbizi. Vyuma vinazoeana, kisha linakuwa tamu. Saa nayo ina vyuma. Basi vizoeane.

Shida ni kwamba ndani ya saa, pale penye kazi, chuma hakisuguani na chuma kwa namna hiyo. Ncha za magurudumu huzunguka ndani ya mawe ya rubi, ndiyo maana ya "21 jewels" iliyoandikwa kwenye Seiko 5 nyingi. (Samahani kwa waliodhani wanavaa utajiri: ni rubi za kutengenezwa kiwandani kwa njia ambayo Mfaransa Verneuil aliitangaza mwaka 1902, na zote 21 hazitanunua mbuzi.) Rubi ni ngumu kuliko karibu kila kitu isipokuwa almasi. Ncha ya feleji iliyong'arishwa ikizunguka humo, ikiwa na tone la mafuta, kwa nguvu ndogo kiasi kile, haiwezi "kuzoeana" na jiwe katika wiki mbili. Ikianza kulika ni baada ya miaka, tena hiyo ndiyo siku ya kumtafuta fundi.

Dereva hatakubali. Mpe chai, mwendelee na namba sita.

6. "Saa iko sawa, mwadhini ndiye aliyechelewa"

Hapa pana utamu, kwa sababu mwenye kisingizio hiki ana ushahidi. Ameshika saa yake, saa sita kamili mchana imefika, msikiti kimya. Zinapita dakika 10, zinapita 15. Anatikisa kichwa. Saa mpya, mwadhini wa zamani.

Ila mwadhini anafuata jua, na jua la Takaba halisomi saa ya Nairobi. Saa rasmi ya Kenya imefungwa kwenye longitudo ya 45 mashariki, mstari unaopita Somalia. Takaba iko karibu na longitudo ya 40. Kila digrii moja ni dakika nne, kwa hiyo jua hufika utosini Takaba, kwa wastani, karibu dakika 20 baada ya saa sita. Na huo ni wastani tu. Kwa kuwa dunia haizunguki jua kwa mwendo mmoja na imeinama, mwanzoni mwa Novemba jua hufika kati saa sita na dakika tatu hivi, na katikati ya Februari huchelewa hadi saa sita na dakika 33. Nusu saa nzima ya kuyumba, na hakuna aliyewahi kulirudisha jua dukani.

Halafu kuna Mandera mjini, kaunti ile ile, gavana yule yule. Iko mashariki zaidi, jua huzama huko dakika kama sita kabla ya Takaba. Ukifuturu Takaba kwa kusikiliza simu ya shemeji aliye Mandera, umekula mapema, na kosa hilo usimwekee Seiko.

Wazee wa zamani walikuwa na akili zaidi katika hili. Adhana iliwaambia swala, na redio ikawaambia saa. Idhaa ya Kisomali ya BBC ilianza mwaka 1957, mwaka ule ule na ya Kiswahili, na taarifa ya habari ilikuwa ndiyo wakati wa kusawazisha akrabu. Mizani mbili, kila moja na kazi yake. Anayetaka kujua saa yake mpya inakwenda vipi leo ana simu, na simu inatosha. Jua tuliachie swala.

Na kama unadhani dakika za serikali ni mchezo, muulize Sultani Khalid bin Barghash wa Zanzibar. Tarehe 27 Agosti 1896 Waingereza walimpa hadi saa tatu asubuhi aondoke kasri. Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza, na kabla ya saa nne vita vilikuwa vimekwisha. Siku hiyo hakuna aliyeambiwa angoje saa itulie.

5. "Mafuta hayajasambaa"

Hiki ndicho kipenzi cha wauzaji, kwa sababu kinasikika kama ufundi. Saa imekaa dukani, mafuta yamelala upande mmoja, ukiivaa yatatembea na kila kitu kitakuwa shwari.

Ukweli umesimama upande wa pili kabisa. Fundi anapotia saa mafuta hutumia ncha ya sindano, na tone lenyewe ni dogo kiasi kwamba ukipiga chafya umelipoteza. Kazi ya tone hilo ni kukaa pale pale lilipowekwa. Viwandani, baadhi ya sehemu hupakwa kwanza dawa maalumu ya kuzuia mafuta yasitembee. Mafuta yakisambaa, ncha hubaki kavu na uchafu hupata pa kunata. Kwa hiyo muuzaji anayekuahidi kwamba mafuta yatasambaa anakuahidi ugonjwa.

Kuna hali moja ambapo mafuta ni kesi ya kweli: saa "mpya" iliyokaa kwenye kabati la kioo miaka kumi, ikianikwa na jua la dirishani. Hiyo haijawahi kuvaliwa lakini imezeeka. Mafuta yameganda au yamekauka. Ukiivaa mwezi mzima bila kuisafisha unasaga ncha zake. Ukiona bei ni ya huruma na karatasi zimebadilika rangi kuwa manjano, weka kando pesa ya fundi siku hiyo hiyo.

4. "Labda ina jini"

Ina sumaku. Tofauti ni ndogo, na tiba ni rahisi zaidi.

Dalili yake huwezi kuikosa. Saa iliyokuwa ikizidi sekunde 15 kwa siku ghafla inazidi dakika tatu, tano, au zaidi. Mizunguko ya ile kamani ndogo imeshikana, kamani imekuwa kama imefupishwa, na gurudumu la mizani linapiga harakaharaka. Sumaku yenyewe imetoka wapi? Kava ya simu inayojifunga kwa sumaku. Spika ya redio ambayo mtu huweka saa juu yake kila usiku akilala. Jenereta. Saa imesafiri kutoka Eastleigh katikati ya mzigo wa vifaa vya umeme. Unadhani ilikuwa ikifanya nini humo?

Sasa, Takaba tuna bahati ambayo miji mingi ya Kenya ingetuonea wivu kama ingejua. Makka iko kwenye longitudo karibu sawa na yetu. Kibla cha Takaba ni kaskazini, karibu kaskazini kamili, kwa hiyo ile dira ndogo ya kibla inayouzwa pamoja na miswala huku haihitaji hesabu yoyote: sindano inapoelekea, ndiko. Ichukue dira hiyo, iweke juu ya kitu cha mbao, mbali na simu na mbali na chuma. Ngoja sindano itulie. Halafu isogeze saa polepole kutoka ubavuni, kutoka mashariki au magharibi. Sindano ikikaa kimya, saa ni safi. Ikigeuka kuifuata saa, au ikaanza kucheza, umempata jini.

Fundi saa yeyote mwenye meza ya maana ana kidude cha kuondoa sumaku. Ni kazi ya sekunde chache. Akikwambia aiache siku tatu, hilo ni jini jingine.

Saa yenye sumaku haitulii kwa kuvaliwa. Unaweza kuipa muda hadi mtoto aliyezaliwa wiki hiyo aingie shule.

3. "Bado haijashiba"

Kuanzia hapa, punguzeni kicheko kidogo, maana tumeingia kwenye visingizio vyenye nyama.

Saa ya otomatiki hujitia ufunguo kwa mwendo wa mkono. Ndani kuna kipande kizito cha nusu duara kinachozunguka ukitembea, na kinapozunguka kinaikaza kamani kubwa. Seiko 5 nyingi zilizoko mikononi mwa watu zina mashine iitwayo 7S26, iliyotoka mwaka 1996, na mashine hiyo haitiwi ufunguo kwa mkono kabisa. Utazungusha kile kitufe cha ubavuni mpaka kidole kipate sugu, kamani haitakaza hata chembe. Ama uivae, ama uitikise. Mashine iliyoifuata, 4R36, ambayo iko kwenye Seiko 5 Sports za tangu 2019, inakubali kutiwa ufunguo, na ikishiba hukaa saa 41.

Tazama basi siku za mwanzo za saa mpya. Inatoka kwenye boksi ikiwa imekufa. Mwenyewe anaitikisa mara mbili tatu, mshale wa sekunde unaanza kutembea, anaridhika. Kisha anaketi. Ikiwa ni afisa wa kaunti, anatia sahihi. Ikiwa ni mzee, amejilaza kwa kiwiko kwenye mkeka, kikombe cha chai ya maziwa ya ngamia mkono wa kulia na saa mkono wa kushoto ambao haujasogea tangu alasiri. Kamani iko robo. Gurudumu la mizani linabembea kwa uvivu, halifiki linapopaswa kufika, na mwendo wa saa unabadilika. Asubuhi iko mbele sekunde 30, jioni iko nyuma.

Siku ya nne au ya tano, kwa kuvaliwa mfululizo, kamani inajaa na kubaki imejaa. Mwendo unanyooka. Mwenyewe anapiga simu Eastleigh: "Kweli, imetulia!" Kijana anapata sifa ya utabiri.

Mchungaji anayetembea na mbuzi tangu alfajiri hapati shida hii. Saa yake inashiba kabla hajafika kisimani.

2. "Inategemea inalalaje"

Mtu akisema hivi unaweza kudhani anatania, na kumbe amesema kweli tupu. Saa iliyolazwa uso juu haiendi sawa na saa iliyosimamishwa kwa ubavu. Uzito wa gurudumu la mizani unabadilisha linapoegemea, msuguano unabadilika, na sekunde chache zinapatikana au zinapotea. Ndiyo maana wale Waswisi wa siku 15 huipima kila mashine katika mikao mitano.

Kwa mvaaji hii ni silaha ya bure. Saa yako ikizidi mchana, jaribu kuilaza kwa ubavu, kitufe kikielekea juu, kwa usiku kadhaa. Kisha jaribu uso juu. Kisha kitufe chini. Mkao mmoja utaipunguza kuliko mingine, na ukishaujua, saa itakimbia mchana na kurudisha deni usiku. Wapo watu wenye saa ya bei ya mbuzi mmoja inayokaa ndani ya sekunde mbili kwa wiki kwa ujanja huu tu.

Hapa pia ndipo "kutulia" kunapozaliwa. Wiki ya kwanza mtu anaivua saa ovyo: leo juu ya kabati, kesho mfukoni mwa kanzu, keshokutwa amelala nayo. Wiki ya tatu ameipatia pahala, kila usiku mahali pamoja, mkao mmoja. Mwendo unakuwa wa aina moja. Kilichobadilika ni tabia ya mvaaji, lakini yeye anaisifu saa, na sioni haja ya kumharibia furaha.

1. "Za zamani zilitulia kweli"

Na hii, ndugu zangu, ni kweli. Imani hii haikuanzia Eastleigh.

Karne ya 18 na ya 19, meli zilitafuta mahali zilipo baharini kwa kutumia kronomita, saa kubwa za usahihi zilizowekwa ndani ya masanduku ya mbao. Kituo cha Greenwich, Uingereza, kilizipima kwa miezi kabla ya jeshi la majini kuzinunua. Na waliozitengeneza walijua tabia moja ya kronomita mpya: kadiri miezi ilivyopita, mwendo wake uliongezeka. Kamani ndogo ya feleji iliyotiwa moto na kupozwa kuwa ngumu ilikuwa bado inajipanga ndani kwa ndani, na ilichukua mwaka au zaidi kabla ya kuacha. Nahodha mwenye busara alipendelea kronomita iliyokwisha kula chumvi ya kutosha. Kwa hiyo babu wa babu wa kijana wa Eastleigh, kama angekuwa anauza kronomita London mwaka 1830, angesema "ipe muda" na angekuwa mkweli. Kamani za leo, za michanganyiko iliyotokana na kazi ya akina Guillaume, hupikwa na kutulizwa kiwandani kabla hazijafungwa ndani ya saa. Mabadiliko madogo yanaweza kubaki, lakini hayo hayatakuondolea sekunde 25 kwa siku.

Mabaharia hao hao walituachia somo linalonifaa zaidi kuliko hilo la kamani. Saa ya fundi John Harrison iitwayo H4 ilisafiri kutoka Uingereza hadi Jamaica mwaka 1761, ikiwa chini ya ulinzi wa mwanawe William. Baada ya siku 81, ilikuwa imekosea sekunde 5 tu. Ajabu? Ndiyo, lakini soma hesabu yenyewe: H4 ilijulikana tangu mwanzo kwamba inachelewa karibu sekunde 2 na theluthi mbili kila siku, na hesabu iliondoa upungufu huo. Hakuna aliyeiomba isichelewe kabisa. Waliiomba ichelewe vile vile leo, kesho na baharini.

Sasa geuza Seiko yako mpya, kama ina kioo kwa nyuma. Utaliona gurudumu la mizani, la rangi ya dhahabu, likienda na kurudi hata jicho lisiweze kulihesabu. Hupiga mara sita kwa sekunde, mara 518,400 kwa siku. Saa inayozidi sekunde 20 imepiga mara 120 za ziada kati ya hizo. Karibu na gurudumu hilo kuna kijiti chembamba, na pembeni yake alama ya kujumlisha na ya kutoa. Ukikisogeza kijiti hicho upana wa unywele, sekunde 20 zinaondoka. Msomaji asijaribu kwa kisu cha kukatia miraa.

Hukumu yangu basi. Ivae saa kila siku kwa wiki mbili, na kila usiku ilaze kwa mkao mmoja. Asubuhi, saa ile ile, ilinganishe na simu, uandike. Seiko wenyewe wanasema 4R36 inaruhusiwa kuzidi hadi sekunde 45 au kupungua hadi 35 kwa siku, kwa hiyo 25 si kasoro ya kumgombeza mtu. Daftari likionyesha 24, 26, 25, 25, una saa nzuri ambayo haijarekebishwa. Mpelekee fundi asogeze kile kijiti, basi. Likionyesha 10, 50, halafu nyuma 15, ilhali dira imekaa kimya na mkono wako si wa kukaa tu, hiyo ni mbovu na haitatulia; irudishe, dhamana ikiwa bado hai. Na ukitaka sekunde bila mjadala, Casio F-91W imekuwa sokoni tangu 1989, haikosei zaidi ya sekunde 30 kwa mwezi mzima, na haijali inalalaje.